Majani Laini Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, huko kwetu Ngulyati, mvua ilikataa mwaka mmoja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachwa huru: dukani sabuni za kila rangi, kisimani matope. Nililelewa na bibi mzaa baba, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kwetu macho hayo yalitosha mtu kuitwa mchawi na kuuawa.

Asubuhi moja walikuja wanaume sita na marungu. Hawakusalimia. Walizunguka nyuma ya nyumba wakatuita. Pale kivulini, kwenye mawe ya msingi, palikuwa na yale majani mafupi laini kama manyoya ya kifaranga, yanayoota penye majimaji tu. Nchi nzima kahawia, pale kijani. Na tulishaambiwa tangu tunanyonya: yakiota kiangazi nyumbani kwa mtu, huyo ameifunga mvua, anainywa peke yake.

“Mayu, mama yetu, mvua yetu umeiweka wapi?” aliuliza Masanja, jirani aliyekula ugali wetu mara ngapi sijui.

“Ningekuwa nayo ningeshapanda mpunga, mjinga wewe.”

Mdomo nimeurithi kwake. Mmoja akainua rungu.

Mimi ndiye niliyejua ule unyevu ulikotoka. Kila jioni bibi alinipa kata ya maji na kipande cha sabuni nikaoge. Sabuni iliniwasha macho. Basi naiviringisha majini ipungue, maji namwaga kwenye mawe. Maji ya kuchimbwa mchangani!

“Ni mimi,” nikasema. “Sijaoga tangu tulipochuma pamba.”

Masanja alibandua kipande cha yale majani, akanusa. Akampa mwenzake.

“Sabuni,” huyo akasema.

“Mtazameni shingo,” mwingine akasema. “Hapo viazi vinaota.”

Wakacheka. Rungu likashuka. Bibi akanichapa mbele yao kwa nguvu zake zote, wakacheka zaidi.

Lakini hawakurudi makwao. Walikata kushoto, kuelekea kwa Minza, kikongwe aliyeishi peke yake, hana hata mtoto wa kumsemea. Bibi akaniambia, “Ingia ndani.” Nikaingia.

Minza tulimzika keshokutwa yake. Mvua haikunyesha.

Wanangu hupenda kusimulia kwamba ukweli wangu ulimwokoa bibi, na wageni hunisifu. Lakini siku ile nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na njia ya mkato ya kwenda kwa Minza nilikuwa naijua.