Kiziba cha Elodie

Mutu asiniambie Kalumbi ni kajito. Cirhuza alisema vile siku ya kwanza alipofika hapa na motopompe yake ya kuvuta maji imefungwa nyuma ya pikipiki. Alisimama juu ya daraja la magogo, akaangalia maji, akacheka: "Aa, ni kajito tu." Nilikuwa palepale na ndoo yangu kichwani, na lile neno linaniwasha mpaka leo. Kajito! Basi wewe uliyetoka kule kote Kivu, ukapita milima na matope, ulikuja kutafuta nini katika kajito?

Mimi naitwa Arlette, nimezaliwa hapa, na nikianza kusema muto wetu mutanivumilia. Kalumbi unatoka kwenye mawe ya kilima, upande wa Wamaza. Unashuka ndani ya pori, unapita nyuma ya mashamba yetu, unakata barabara ya Kasongo pale kwenye daraja, kisha unateremka upande wa Lusangi mpaka unaingia Luama. Ramani ya pale shuleni haiuonyeshi. Hata sisi wenyewe haituonyeshi, na tupo, tunalima, tunazaa.

Na muto wetu una utaratibu wake. Juu kabisa, kwenye mawe, iko mahali tunaita Kichwa. Pale ni maji ya kunywa tu, na mutu haweki hata kidole cha muguu. Chini yake watu wanaoga, wanaume upande huu, wanawake nyuma ya mianzi. Kisha nguo na vyombo. Na mwisho, baada ya daraja, ndiyo viziba vya muhogo: kila nyumba iko na kidimbwi chake kilichozungushiwa mawe, muhogo unalala mule mpaka unalainika, ndipo tunautoa, tunauanika na kuutwanga. Kwa nini viziba viko mwisho? Kwa sababu muhogo ukilowekwa unanuka, mama yangu! Unanuka, na maji yake ni machungu, hata mbuzi akiyanywa hasimami vizuri. Hakuna mwanamuke mwenye akili anayeloweka muhogo juu ya mahali watu wanakunywa. Hilo mutoto analijua kabla hajajua kuhesabu.

Sasa sikia. Bibi arusi akiingia nyumba ya hapa, padri anaweza kumubariki, watu wanaweza kucheza mpaka vumbi linafunika kanisa, bado hajawa mutu wa hapa. Mpaka mama mukwe wake amupeleke mutoni na kitunga cha kwanza cha muhogo, wakishike pamoja, wakizamishe pamoja. Tunasema ameonyeshwa kiziba. Kabla ya siku hiyo anakula unga wa wengine, na wanawake wanamuangalia kwa pembe ya jicho.

Emilienne, muke wa yaya yangu Octave, ndugu yangu mukubwa, alionyeshwa kiziba na mama yangu mwenyewe. Alikuja kutoka kule chini, upande wa Lusangi, musichana mwembamba asiyesema neno. Mpaka leo hasemi sana. Kelele ni zangu, kazi ni zake. Akikasirika anakaza kitambaa chake kichwani na kuimba nyimbo za kanisa puani, na ukisikia vile, ondoka njiani. Unga wake ulikuwa mweupe, mweupe kweli. Wale wanaume wa baiskeli wanaobeba unga kupeleka soko la Kasongo walikuwa wanauliza kwanza, "Unga wa Mama Bruno iko?" Bruno ni mutoto wake wa kwanza. Kiangazi kilichopita alioa Elodie, musichana wa Kasongo, mutoto wa mwalimu, na Emilienne alifurahi mpaka akacheka mbele ya watu. Aliniambia: "Shemeki, nikimuonyesha huyu kiziba cha mama yako, nitakuwa nimemaliza kazi yangu."

Ndiyo Cirhuza akafika.

Dhahabu ilikuwa kule juu, wanasema, juu ya Kichwa. Cirhuza hakuja kuomba wanawake ruhusa. Alikwenda kwa Octave kwa sababu Octave ni mukubwa wa ukoo, na kilima ni cha ukoo. Alipeleka mbuzi na kasha la pombe. Wanaume walikaa ndani ya nyumba muchana mzima, sisi tuko jikoni. Na nani alipika ile mbuzi? Sisi! Tulipika, tukaonja chumvi, tukawapelekea na maji ya kunawa, na walikuwa wanakula muto wetu. Hakuna aliyetoka kutuuliza hata kwa uongo. Mimi nikikumbuka ile mbuzi, natamani imukwame yaya yangu kooni mpaka leo.

Kidogo tu, Kalumbi ukawa mwekundu. Walichimba ukingo, wakaosha muchanga kwenye mbao zao, na matope yote yakatushukia. Maji ya Kichwa tukaanza kuyaacha kwenye ndoo yatulie, tunachota juu juu, na bado unasikia muchanga kwenye meno. Muhogo ukatoka vizibani na rangi ya tofali. Wale wa baiskeli wakaja, wakaushika unga wa Emilienne kwa vidole, wakausugua, wakasema pole mama, wakaenda zao.

Na Elodie? Elodie alikaa. Miezi ikapita hajaonyeshwa kiziba. Unamuonyesha mutu nini, matope? Siku moja kwenye mulango wa kanisa mama moja akasema, na sauti hakuishusha: "Yule mugeni wa Bruno bado iko?" Mutoto wa watu akalia njia nzima. Emilienne alitembea nyuma yake, anaimba puani.

Alimwambia Octave azungumze na wale wachimbaji. Octave akasema, "Subira, Mama Bruno. Wale ni watu wa kupita." Subira! Mutu aliyekula mbuzi ni rahisi kwake kuhubiri subira. Basi Emilienne akapanda mwenyewe kwa Cirhuza, na mimi nikamufuata. Siwezi kusema uongo, Cirhuza alitupokea vizuri. Alifuta kiti kwa shati lake, akatuita mama, akamwambia Isidore, mupishi wa kambi, atuletee chai. Kisha akasema, na tabasamu lake: "Mama, sisi tunaosha muchanga tu. Maji inapita. Maji haiishi."

"Inapita, inakwenda kwa nani?" Emilienne akamuuliza.

Cirhuza akacheka, akatuongezea sukari.

Siku ya soko Emilienne akaja kwangu na kitunga chake mugongoni, kamba kwenye paji la uso, muhogo umejaa mpaka juu. "Shemeki, chukua chako." Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akatangulia. Tukapita Kichwa. Tukapita kambi ya wachimbaji, na wao wakatusalimia vizuri kabisa, Isidore hata aliuliza kama tuko na sombe, yale majani ya muhogo, ya kuuza. Tukaenda juu zaidi, pale ambapo Kalumbi bado ni Kalumbi, unaona majani chini ya maji. Emilienne akaanza kupanga mawe. Nilipoelewa, nilikaa chini nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Aka! Yule mwanamuke!

Tulizamisha muhogo wetu pale, na maji yetu ya kunywa tukawa tunachota juu yake. Kesho yake wakapanda wengine, na wengine tena, kila mutu na kitunga chake, wanasalimia wachimbaji kwa heshima zote, "Jambo baba, kazi njema baba," na wanapita. Kabla wiki haijaisha kilima kizima kilikuwa kinanuka.

Cirhuza alishuka kijijini mbio, bila pikipiki. Uso umekunjamana. Alitukuta kwenye kiwanja cha Octave, tunatwanga. Octave mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake anasikiliza redio.

"Mama, munatuua!" Cirhuza akalia. "Maji inanuka! Chai inanuka, bugali inanuka, watu wangu wanaumwa tumbo. Nani aliwafundisha ninyi kuloweka muhogo juu ya mahali watu wanakunywa?"

Emilienne akaacha kutwanga. "Rudia, mwanangu. Sikusikia vizuri."

"Nasema, nani aliwafundisha kuloweka juu ya mahali watu wanakunywa?"

"Kumbe unajua," akasema Emilienne. "Kumbe unajua iko juu na iko chini."

 Mimi nikapiga kigelegele, na sikujali Octave ananiangalia namna gani. Ile furaha haikuwa ndogo.

Hapo ndiyo wanaume wakakumbuka kwamba mukutano unaweza kuwa na wanawake. Tuliitwa wote. Octave akasimama, akajikohoza, akasema ana dawa ya mambo: wachimbaji waendelee kuchimba kule juu, lakini muchanga waubebe kwenye magunia, wakauoshee chini, baada ya viziba vyetu, kule ambako Kalumbi unaacha shamba la mwisho la kijiji. "Matope yatakwenda zake," akasema. "Sisi tutapata maji, wao watapata dhahabu, na wanawake waondoe muhogo wao kule juu." Watu wakapiga makofi. Cirhuza alinuna kwa ajili ya magunia, lakini tumbo lilikuwa linamuuma, akakubali. Nilimuangalia Emilienne. Alikuwa ameshika mukono wa Elodie, hakuangalia mutu mwingine.

Maji yakarudi. Mvua chache tu, na Kalumbi ukajisafisha, tukaona tena mawe ya viziba. Emilienne alisugua kiziba cha mama yangu kwa mikono yake, akatoa matope yote, na akapanga upya mawe yaliyoanguka. Akatangaza Jumamosi.

Jumamosi ile tulishuka mapema, wanawake wote, na nyimbo. Elodie alivaa kitenge kipya, kitunga mugongoni, kamba inamukata paji la uso kwa sababu hakuzoea, na hakulalamika. Octave alikuja kusimama kwenye daraja kama vile yeye ndiye aliyeufanya muto. Sawa, nikamuacha. Emilienne akaingia majini mpaka magotini, akamuita Elodie, wakashika kitunga pamoja. "Hapa ndipo mama wa bwana wangu aliponishika," akasema. "Sasa ni hapa pako." Wakazamisha. Maji yalikuwa safi, uliweza kuhesabu vidole vya miguu yao. Nililia, nasema wazi.

Kigelegele kilikuwa bado mudomoni tulipowaona. Wanawake, wanapanda kando ya muto kutoka chini, upande wa Lusangi, mumoja nyuma ya mwingine, vitunga mugongoni vimejaa muhogo. Nguo zao zilikuwa na matope mekundu mpaka kiunoni. Mbele yao alikuwa Mamy, mudogo wake Emilienne, wa tumbo moja.

Mamy hakusalimia. Alisimama kwenye ukingo, akaangalia kiziba, akaangalia maji yale safi, akaangalia kitenge kipya cha Elodie.

"Yaya," akasema, "sisi tumekuja kuloweka. Tumesikia kwenu mukiharibiwa maji munapanda juu. Basi na sisi tumepanda. Utatuonyesha mahali, au tupitilize mpaka pale munapochota ya kunywa?"

 Mutu moja nyuma yangu akanong'ona kwamba hawa watu wa chini wana macho makavu, na nikageuka nikamutazama mpaka akainamisha kichwa. Macho makavu? Nani aliwapelekea matope? Yaya yangu na makofi yetu!

Octave akashuka kutoka darajani, mikono juu. "Shemeki Mamy, karibu, karibu! Hayo ni mambo ya kuzungumza polepole. Sisi tulishayamaliza na Cirhuza."

"Munamaliza vizuri," Mamy akasema. "Mutoto wangu wa mwisho anakunywa huko kwetu munapomalizia."

Emilienne alikuwa bado amesimama majini. Alikaza kitambaa chake. Sikusikia wimbo, ila nilimuona akiinama, anaingiza mikono yote miwili ndani ya kiziba, na nikafikiri anataka kukiweka sawa kile kitunga. Akakitoa. Kitunga cha Elodie, cha kwanza, hakijalala hata kidogo, maji yanachuruzika.

"Mama Bruno!" Octave akalia. "Unafanya nini? Utamuaibisha mutoto wa watu mara ya pili!"

"Baba Bruno, kaa kimya. Mbuzi ulishakula."

Akamugeukia Elodie. "Mwanangu, nisamehe. Sitakuonyesha kiziba safi ambacho matope yake yanaishia kwa mama yako mudogo. Utangoja tena?"

Elodie, mutoto wa muji, ambaye tulisema hawezi kitu, alichukua kamba mwenyewe akaiweka kwenye paji la uso. "Mahali pa juu nitapajuaje?" akauliza. "Mutangulie."

Basi Emilienne akatoka majini, akapita mbele ya Mamy, akamushika mukono kama watoto wanavyoshikana wakienda shule, na tukafuata. Tukapita nguo, tukapita mianzi, tukapita Kichwa bila mutu kuweka kidole. Wa juu na wa chini pamoja, na maji ya kitunga cha Elodie yalikuwa yanamudondokea mugongoni, yanaharibu kile kitenge kipya. Kambini Isidore alikuwa wa kwanza kutuona. Alihesabu vitunga kwa macho, akashindwa, akaweka sufuria chini na kukimbia kumuita Cirhuza.