Msumari wa Taa

Wiki iliyopita fundi umeme aliniuliza taa za ukutani aziweke wapi katika nyumba ninayojenga hapa Ifakara. "Dada, wengi huziweka usawa wa macho," alisema, penseli mkononi. Nilizunguka vyumba vyote nikizitazama kuta.

Mawazo yalikuwa yamenirudisha utotoni, kijijini kwetu Idete, kwenye mchana ule mama alipohangaika na msumari wa kutundikia taa ya chemli. Nyumba ilinuka mafuta ya taa na udongo mbichi, na huko kwenye majaruba ya mpunga vyura walilia mchana kweupe. Mama aligonga msumari, akaung'oa, akagonga tena juu zaidi, udongo ukimwagikia kichwani. Ukuta wetu ulikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima, juu kidogo ya kichwa changu. Niliupenda, kwa kuwa nilidhani ni rangi aliyoipaka yeye. Kila mara aliutazama mstari ule, akatazama mlango, kisha akapandisha msumari.

"Mama, huko hutaufikia," nilimwambia.

"Nikisimama juu ya kitanda nitaufikia."

Nilicheka sana. Nani apande kitandani ili awashe taa?

Sasa najua kwamba mstari ule uliachwa na maji ya mto uliofurika, mwaka ambao nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Fundi alikuwa bado anasubiri. Nilimwambia asitoboe ukuta wowote mpaka kitanda kiletwe, nisimame juu yake nipime.