Siku Mishale Yangu Ilipowaleta Wakwe Mkutanoni

Mkipita Kaloleni mkasikia mtu ananiita Baba Bibi Harusi, msimuulize yeye, niulizeni mimi, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea. Mimi ni fundi wa kuandika vibao, vile vya siku mbili tatu vya kuonyesha watu njia ya harusi, matanga au harambee, na kaunti ilikuwa inarekebisha sheria ya vibao hivyo, ikataka fundi akitoe kibao chake mwenyewe shughuli ikiisha, asipokitoa anapoteza kibali. Mafundi wenzangu wakanichagua nikaipinge kwenye mkutano wa wananchi (walinichagua kwa ajili ya mdomo wangu, si akili).

Sasa, mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimepigilia mishale myekundu ya kuelekeza watu kwenye harambee katika ukumbi wa mtaa. Harambee ikaisha, mishale nikaiacha palepale. Halafu wiki ya mkutano jirani yangu Mama Atieno akataka mishale ya kwenda kwake, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Sondu kuleta ayie, yaani ule ujio wa kumwomba mama wa msichana akubali, na kwa vile rangi nyekundu ilikuwa imebaki kwenye mkebe, nikaona ya nini kununua nyingine. Kwenye njia panda nikauona ule mshale wa zamani bado unaonyesha ukumbini, nyundo ninayo mkononi kabisa, nikasema aah, nitautoa kesho. Uvivu tu, sina jina lingine la kuupa.

Jumamosi hiyohiyo mkutano ukawa kwenye ukumbi uleule wa mtaa, nao umejaa. Mbele amekaa afisa wa kaunti, dada mmoja mwenye kitenge kizuri, na mimi nimesimama na suti yangu ya Krismasi nawauliza watu, nani hapa amewahi kuumizwa na kibao cha zamani? Wenzangu wanapiga makofi. Kichwa kikavimba, nikapaza sauti: "Sisi wenyeji wa hapa hatukubali. Warudi walikotoka na mambo yao."

Mlango ukafunguka. Wakaingia akina mama kama ishirini wakiimba, sukari na unga kichwani, na mzee mmoja akivuta mbuzi. Wimbo ukakatika. Wangefanyaje, jamani? Wameona watu wamekaa wanangoja, msichana mrembo yuko mbele, na baba mtu amevaa suti anawafukuza.

Mzee akavua kofia. "Baba, tusamehe," akaniambia taratibu. "Tumechelewa, lakini tumefuata mishale yenu. Usitukatae kabla hujatusikia."

Nikainua mkono nieleze. Mzee alipouona mkono akadhani bado nawafukuza, akanishikisha kamba ya mbuzi. Mama mmoja akamvika afisa leso mabegani, vigelegele vikaanza, wenzangu huko nyuma wanacheka mpaka wanashikana.

Afisa akanitazama, leso bado iko mabegani. "Mishale hiyo iliandikwa na nani?"

Wallahi ningeweza kudanganya. Lakini nikamkumbuka Mama Atieno, amepika tangu alfajiri, amekaa na binti yake wanaangalia barabara, na majirani wameanza kunong'ona kwamba wakwe wameghairi. Hapo roho iliniuma kweli.

"Ni mimi," nikasema. "Na hiyo sheria ipite tu, madam."

Ikapita, mikono yote juu, hata ya mafundi wenzangu, na mimi nikatoka mbio na mbuzi wa watu, wakwe nyuma yangu, na nusu ya mkutano nyuma yao (afisa akiwemo, alisema anakwenda kurudisha leso).

Tulimkuta Mama Atieno mlangoni, amevua viatu vya sherehe, macho mekundu. Kusikia wimbo akasimama, akacheka huku analia, akawakumbatia akina mama mmoja mmoja na mizigo yao. Nami nilifurahi mno. Kisha mzee akamsimulia jinsi baba wa msichana alivyowakatalia ukumbini, Mama Atieno akageuka, akanitazama mimi na ile suti.

"Fundi," akasema, "leo wewe utakula mwisho."

Nikala mwisho, shingo ya kuku na ugali wa chini ya sufuria, na ulikuwa mtamu. Tangu hapo shughuli ikiisha, hata viti havijakusanywa, mimi niko juu ya ngazi nang'oa misumari. Watu wanasema nimeiogopa kaunti. Kaunti ni watu wazuri. Ninayemwogopa ni Mama Atieno, ambaye bado ana mabinti wawili nyumbani.