Barua ya Zawadi

Korona ilipoingia, mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tumepanga nyumba moja Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia, pamoja na binti yake wa miaka tisa. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Westmead, yeye akiwahudumia wazee katika makao fulani upande wa Seven Hills. Tulikuwa tukipishana mlangoni, mmoja akivua viatu vya kazi, mwingine akitafuta barakoa.

Wazo la kununua nyumba lilikuwa lake. Aliwasikia watu wa kanisani wakisema kwamba serikali huwadhamini wanaonunua nyumba ya kwanza, ili benki ikubali malipo ya awali madogo. Tukampigia mshauri wa mikopo, mzee Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania.

"Bon, mnaomba pamoja?" akauliza.

"Pamoja," tukajibu.

"Mko nani kwa nani?"

"Ndugu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Poleni, mama zangu. Dhamana hii ni ya mtu mmoja, ama ya mke na mume. Ndugu hawaingii."

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi kwa kukohoa, maana siku zile kikohozi hakikuwa jambo la mzaha.

Masharti yalikuwa zaidi ya hilo. Mwombaji awe raia. Aishi mwenyewe ndani ya nyumba hiyo. Bei isizidi kiwango kilichowekwa, na kila nyumba tuliyoipenda Sydney ilikizidi. Ng'ambo ya milima, kwenye miji midogo ya wakulima, kiwango kilikuwa cha chini, ila nyumba zenyewe zilikuwa rahisi zaidi. Mdogo wangu alikuwa raia, lakini zamu zake zilikuwa za kuitwa: wiki hii nyingi, wiki ijayo hakuna. Mimi nilikuwa na kazi ya kudumu, ila kiapo changu cha uraia kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu ya korona.

Hatimaye nikaapa kwenye kompyuta, mezani jikoni. Juu nilivaa blauzi ya kitenge, chini suruali ya wodini, kwa kuwa zamu ilikuwa inaningoja. Mdogo wangu alipiga kigelegele kimoja, jirani akagonga ukuta.

Mwaka uliofuata nikapata kazi katika hospitali ya mji mmoja mdogo huko ng'ambo ya milima. Jiji lilikuwa limefungwa, hatukuruhusiwa kwenda kutazama nyumba, kwa hiyo dalali akatutembeza kwa simu. Ilikuwa na vyumba vinne na ua mpana. Binti akasema kwa Kiingereza kwamba sasa tunaweza kufuga mbwa. Tulikubaliana mwombaji niwe mimi, malipo ya awali yatoke kwenye akiba yangu na ya mama yake.

Kisha benki ikaleta barua. Kwa kuwa mwombaji ni mimi peke yangu, mdogo wangu alitakiwa kutia sahihi kwamba fedha zake ni zawadi, na kwamba hana dai lolote juu ya nyumba hiyo, leo wala baadaye.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Dada, mimi ndiye niliyeianza hii safari."

"Najua. Ni karatasi tu. Kwangu ni kwako."

"Karatasi ndiyo wanayoisoma. Ukifa je? Ukiolewa je? Mimi na mtoto tutakuwa wageni." Hakupandisha sauti. Akachukua kalamu. "Lakini nitatia."

Nilitaka atie. Sitajifanya sikutaka, nilikuwa tayari nimeshapanga vitanda kichwani. Lakini niliuona mkono wake ukisita juu ya karatasi, nikakumbuka miaka aliyowaogesha wazee wa watu ili aipate akiba ile. Nikaichukua barua, nikaikunja.

"Usitie," nikamwambia.

Alikaa chini, akalia kidogo, akaenda kupika.

Asubuhi nikampigia mshauri, nikamwomba hesabu ya akiba yangu peke yake. "Itakuwa nyumba ndogo, mama," akasema. "Iwe ndogo," nikajibu. Ile ya vyumba vinne ilichukuliwa na watu wengine. Miezi miwili baadaye nikapata ya vyumba viwili, ya mbao, karibu na hospitali. Nilihama peke yangu. Mdogo wangu alibaki Toongabbie kwa ajili ya shule ya mtoto, na wiki za kwanza simu zetu zilikuwa fupi. Tuliulizana hali ya hewa kama watu wa ofisini.

Barabara zilipofunguliwa, walikuja kwa treni. Alipita kila chumba, akafungua kila kabati, akaniambia jikoni kunahitaji rangi. Kesho yake tukaenda dukani, akaichagua yeye, manjano ya embe bivu, nami nikashika ngazi akipaka. Walikaa siku nne. Kwenye stesheni aliniambia kwamba naye ameanza kuongea na yule mzee Mrundi, kuuliza mwombaji mmoja mwenye zamu za kuitwa afanye nini.