Nusu ya Fimbo Iliyobaki Gitting

Yule mzee wa Gitting simpendi. Yeye naye hanipendi, na wote wanaotufahamu wanajua hivyo. Tuligombana kwa sababu ya fimbo ya pool, tena siyo fimbo nzima. Ni nusu tu.

Nilikuwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu. Nilinunua Mbulu, nikauza Arusha, mikono ikanuka mwaka mzima. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mkoa wetu wa Manyara ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na kila mwenye baa Katesh, Basotu na Babati alitaka aonekane mjanja kwa kuweka meza ya pool. Fimbo zilizokuja na meza zile zilikuwa takataka. Msimu mmoja wa upepo wa Hanang ulitosha kuzipinda.

Lakini kulikuwa na fimbo nyingine, za zamani, zilizotengenezwa kwa kuagizwa, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Zilikuwa za wazungu waliofanya kazi kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Walipoondoka, vitu vya klabu yao vilitawanyika vijijini, na watu hawakujua wameokota nini. Fimbo moja niliikuta imetundikiwa pazia. Nyingine niliikuta kwa mfugaji mmoja anaswagia ng'ombe, nikambembeleza asubuhi nzima ndipo akakubali kubadilishana kwa thamosi na kilo tatu za sukari. Arusha kulikuwa na mnunuzi anayezipenda. Ndiye aliyenifundisha kuiviringisha fimbo juu ya meza na kuchungulia kama mwanga unapita chini yake, kuangalia skrubu ya katikati inapounganisha vipande viwili, na kutodanganywa na mapambo kama mti umepinda.

Wanaume wa kwenye baa walinicheka. Waliniita Mama Fimbo. Mmoja pale Katesh aliniuliza kama mume wangu ndiye anayenituma nizinunue za kunipigia. Nilimwambia natafuta ya kumpiga yeye. Walicheka, na mimi nikainunua fimbo yao kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtu anayecheka haangalii anauza nini.

Sasa nije kwa baba. Baba alikuwa seremala wa klabu ile. Yule mzee wa Gitting alikuwa mhudumu wa kaunta, mdogo kwa baba kwa miaka michache, na mimi nilikua namwita baba mdogo. Mzungu mmoja fimbo yake ilivunjika upande wa kushikia, baba akamtengenezea nusu mpya kwa mti wa mzeituni wa msituni, akaivisha pete tatu za pembe ya ng'ombe. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Siku ya kuondoka, mzungu aliiweka juu ya kaunta akawaambia hii ni yenu ninyi wawili.

Watu wengine wangecheza kwa zamu. Hawa waligombana mpaka magari ya wazungu yakapotea barabarani. Mwisho waliifungua skrubu. Baba alichukua nusu nene kwa kuwa ndiyo aliyoitengeneza, mwenzake akachukua nusu nyembamba, ile ya kupigia mpira, na kila mmoja akaenda kwao, baba kijijini Daudi, yeye Gitting, akisubiri mwenzake ashindwe aje kuomba. Hakuna aliyeomba. Na tangu siku hiyo yule mdogo aliacha kumwamkia baba shikamoo. Walipokutana mnadani alimwambia "habari," kama anaongea na mtoto mwenzake. Jambo hilo ndilo lililomuuma baba kuliko fimbo.

Mnunuzi wangu alipoiona nusu ya baba aliizungusha mkononi akizihesabu zile pete. Alisema nikimletea nzima, atalipa bei ambayo ingenitoa kwenye vitunguu na kunifungulia duka Mbulu mjini. Angekuja mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baba nilimwomba nusu yake, akasema, "Lete kwanza hiyo ya Gitting." Alisema hivyo akijua siwezi.

Nilikwenda Gitting mara tatu. Mara ya kwanza mzee alinipa chai. Mara ya pili hakunipa. Mara ya tatu aliongea nami mlangoni.

"Baba yako mzima?"

"Mzima, baba mdogo."

"Basi rudi. Nusu yangu nitaipeleka siku ya msiba wake, niiweke mwenyewe pale alipolala. Akiwa hai haipati."

Nilirudi hadi barabarani kwa hasira. Nikawaza lile duka. Nikawaza hawa wazee wawili wenye roho mbaya, wanaokalia mali kama kuku anayeatamia mawe. Jumatano ya wiki ile ya mwisho nikarudi kwa mara ya nne, nikasimama mlangoni pale pale, nikasema, "Baba mdogo, baba amefariki jana."

Nilitegemea aingie ndani, alete nusu yake, anikabidhi, basi. Alikaa chini kwenye vumbi. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akiita jina la baba la ujana ambalo hata mimi sikulijua. Kisha alinyanyuka, akavaa koti, akanunua sukari kilo tano, akachukua kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka. Akasema, "Twende."

Nilimwomba nikibebe. Alikataa. Tulipanda lori lililokuwa linarudi Mbulu tupu, na njia nzima alinisimulia habari za baba: jinsi baba alivyomficha yeye alipovunja glasi za klabu, jinsi alivyomkopesha viatu siku ya harusi yake. Tulipofika Dareda nilitaka kumwambia ukweli. Dongobesh nilitaka tena. Lakini ile shuka ilikuwa magotini pake, na mimi nilikuwa naiangalia ile shuka.

Tulifika Daudi alasiri. Baba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe.

Baba mdogo alisimama. Sukari ikamponyoka. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa, "Shikamoo."

"Marahaba," baba alisema. Alimwangalia vizuri, akaangalia mfuko. "Sukari ya nini?"

"Ya msiba wako."

Wote wawili walinigeukia. Nimewahi kutukanwa na walevi, nimewahi kufukuzwa kwenye baa kwa mateke, lakini sijawahi kuangaliwa namna ile. Baba hakupaza sauti. Alisema, "Umenizika nikiwa hai, mwanangu. Kwa fimbo." Kisha akamshika mwenzake mkono, wakaingia ndani, na chakula kilipoiva sikuitwa.

Niliwaona kupitia dirisha. Baba aliishusha nusu yake ukutani, mwenzake akafungua shuka. Zote mbili zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa anaitunza yake. Baba akazungusha skrubu, ikaingia bila kukwama. Waliishika pamoja, wakaielekeza dirishani, wakachungulia kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka. Nami nilisimama kwenye migomba nikihesabu Jumamosi itakuwa baada ya siku ngapi.

Jumamosi mnunuzi alikuja kweli. Baba alimkaribisha, akamwonyesha fimbo, akamwacha aisifu weee. Halafu mbele yake, mbele yangu, wazee wakaifungua tena. Kila mmoja akachukua nusu yake, safari hii wakicheka. "Ikiwa hivi hawezi kuiuza," baba alimwambia mwenzake, akininyooshea kidole. Mnunuzi aliondoka na hakunitafuta tena.

Basi hasira yao yote ya miaka waliihamishia kwangu, wakabaki marafiki. Kila baada ya mavuno mmoja alimtembelea mwenzake. Shikamoo ilirudi. Mimi baba aliniitikia marahaba na zaidi ya hapo hakuniongezea neno, na mimi nikavimba, nikasema nawe kaa hivyo hivyo. Nilirudi kwenye vitunguu. Niliwachukia wote wawili kwa furaha yao.

Baba aliugua miaka minne baadaye. Siku moja mchana, nikiwa namlisha uji, alivunja ukimya. Alisema siku ya kumzika, upande wa mbele wa jeneza ashike mdogo wake wa Gitting. Hilo tu ndilo aliloomba. Alifariki kesho yake.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika. Nilimpigia mimi mwenyewe.

"Baba mdogo, baba amefariki."

Akauliza, "Amefariki tena?"

Akakata. Nilipiga mara ya pili, hakupokea. Ningeweza kumpa simu katekista aliyekuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu, apige yeye, aaminike. Sikumpa. Nilikuwa na kiburi, na moyoni nilisema kama hataki kuja, asije. Tuliusubirisha mwili mpaka jua likaanza kushuka. Upande wa mbele wa jeneza alishika jirani.

Baada ya siku nane mzee alifika. Alikuwa amesikia mnadani, kwa watu wengine. Alikuwa na koti lile lile na sukari kilo tano, na shuka. Alisimama kando ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, akaiweka sukari chini, lakini nusu yake, ile aliyosema ataiweka pale, hakuiweka. Aliirudisha kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

Alinipita akaenda zake.

Nusu nene ninayo mimi sasa, iko ukutani, naipaka mafuta kila Jumapili. Nyembamba iko Gitting. Nimeacha kununua fimbo za watu. Kila nikienda kule kwa ajili ya vitunguu napita mlangoni kwake, nasimama, namwamkia. Hajaniitikia mpaka leo.