Bibi Aliyetaka Kutwishwa Robota

Innalillahi. Bibi wa jirani yetu kule Mlali, yule aliyekuwa akiniita "shetani mdogo" kabla hata sijamaliza kumpa shikamoo, tumemzika Jumanne. Wasomaji wa ubao huu wa shule mmezoea nikiyacheka maharage ya bwenini, leo mnivumilie. Msibani kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu, mpaka nikatamani kuchungulia kama tumezika mtu mwingine. Mpole? Yule? Bibi alikuwa mbishi, na mimi nakataa asafishwe ubishi wake kama doa la kanga.

Mwaka jana kikundi chetu cha wafugaji kilitaka kununua mashine ya kufunga majani makavu ya kiangazi. Muuzaji akaja na ile kubwa, ya marobota ya pembe nne, kila moja kama kabati la bibi harusi. Ikafunga majani pale bondeni, wazee wakapiga makofi. Bibi akavua mtandio wa begani, akausokota ngata, akaiweka kichwani na kuchuchumaa kando ya robota.

"Haya mjukuu wangu," akamwambia muuzaji, "nitwishe."

"Bibi, hili linanyanyuliwa na trekta!"

"Trekta lako litapanda mpaka kwa ng'ombe wangu kule juu?"

"Kule? Hapana, labda mbuzi."

"Basi nitwishe."

Kwetu mtu akichuchumaa na ngata kichwani, humpiti. Utakuwa na haraka zako, utakuwa na cheo chako, utamtwisha kwanza. Wakaja wanaume wanne, wakakumbatia robota, wakaguna, suruali ya mmoja ikapasuka nyuma, robota likakaa pale pale. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwenyekiti wa kikundi akafoka, "Mama, unatuaibisha mbele ya mgeni!" Bibi hata hakuinuka. "Aibu ni ng'ombe kufa njaa mlimani na chakula kimelala barabarani." Siku ile hakikununuliwa kitu.

Msinielewe vibaya, mashine ile haina kosa. Mwenye shamba tambarare huko Kingolwira, mwenye trekta lenye nguvu, winchi ya kupakia na lori linalofika zizini, aichukue na Mungu ambariki. Lakini sisi majani yetu yanapanda Uluguru kwa shingo za mama zetu. Mashine ndogo, ya robota ambalo mtu mmoja anamtwisha mwenzake, ndiyo yetu. Wanaochagua kubwa ni wenye mazizi kando ya lami. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi huo wao wanaupima wakiwa kwenye viti.

Nayasema haya kwa sababu kaburi halijakauka, na pale pale msibani nimemsikia mwenyekiti akimnong'oneza mwenzake, "Sasa ile kubwa itapita bila kelele." Kikao cha kuamua mashine ni Jumamosi. Mwalimu wangu wa zamu amenishauri nimalizie na neno la faraja. Hili hapa: anayechagua mashine aanze na shingo itakayobeba, sio na makofi. Na wewe mwenyekiti, shikamoo. Jumamosi tutakuja, sisi wajukuu na mama zetu wa mlimani, kila mtu na ngata yake. Hatutapiga kelele hata kidogo. Tutachuchumaa mlangoni, na wewe utatutwisha.