Siku Wakwe Walipoushika Mkia wa Ndege

Mzee Ildefons wa Kamachumu ni fundi redio mstaafu, na ubishi wake haujastaafu. Miezi saba sasa anaunda ndege ya kurushwa kwa rimoti, ambayo mabawa yake yananizidi urefu, na mimi si mfupi. Anaiundia sebuleni. Mkewe, Mama Dativa, amelalamika mpaka amezoea.

Mimi ni jirani yao. Jumamosi ile niliitwa kukaa upande wa wenyeji, maana wageni kutoka Rubya walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Dativa. Nilikwenda na wasiwasi. Posa mbili zilishatangulia na mzee akazirudisha zote: ya kwanza kwa kuwa mshenga alitazama saa, ya pili kwa kuwa alipiga miayo. "Hawana subira," alisema, utadhani yeye ndiye aliyeigundua. Dativa ni mwalimu, ana miaka thelathini na moja, na alishamwambia mama yake kwamba hawa wakirudishwa, hataleta wengine.

Nilipofika saa nne kasoro, mzee alikuwa amevaa kanzu na koti, vidole vimejaa gundi. Alikuwa ndiyo kwanza anabandika mkia.

"Mzee, wageni hao wanaingia uani!"

"Waingie. Mimi siwezi kuachia. Mkia ukipinda kidogo tu, ndege itazunguka kama kuku mwenye kideri."

Nilitamani kumtia kofi, Mungu anisamehe.

Sasa, huku kwetu nyumba ya binti ina haki ya kuwasumbua wageni. Ukikaa kabla hujaambiwa, faini. Ukitaja shida yako bila kuzunguka kwanza, faini. Mshenga wao, Audax, alishasindikiza posa kumi na moja na anaijua mitego yote. Alipoona baba mwenye nyumba hainuki, amekumbatia vibao mezani, nilimwona anafikiri. Kisha akapiga goti.

"Waitu, mzee wetu, tuko tayari kwa lolote."

"Vizuri. Shika hapa. Na wewe, hapa. Kibawa hiki kilale, hiki kisimame wima. Msitikise."

Wakashika. Watu wazima wanne, wenye suti, wameuzunguka mkia wa ndege. Wa tano, Avit, mwenye kuoa, akapewa rula apime kama umenyooka. Dakika ishirini zikapita. Nzi akatua puani kwa Audax, naye akamtazama tu, macho yakakutana katikati.

"Hii mila ni ya ukoo gani?" mjomba mmoja akanong'ona.

"Nyamaza, tutatozwa!"

Nilitoka nje kucheka. Mama Dativa hakucheka. Alisimama na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ameona aibu, maana mgeni hakuwa na mkono wa kuipokelea. Mwishowe akawalisha mmoja mmoja, kama watoto.

Saa nzima! Gundi ikakauka, wakaachia, mkia ukasimama wima. Mzee akaugonga kwa kidole, akauzunguka mara mbili, akainama akitafuta kosa. Hakuliona. Ikabidi afanye kilichobaki: kumwita binti aulizwe mbele ya watu.

"Mwanangu, watu hawa unawafahamu?"

Dativa akapiga magoti. "Nawafahamu, taata. Na wewe nakufahamu. Gundi ya kukauka dakika tano iko kabatini, imejaa. Leo umechanganya ile ya saa nzima."

Mama Dativa akaweka kikapu chini. Mzee aliitazama mikono yake yenye gundi, nami nikaona haya kwa kile kicheko changu.

"Nilitaka wachoke, waondoke," akasema. "Nimechoka mimi. Wapeni viti."